Foleni ya Maryvale

Jumanne ya Machi 22, 2016, jirani yangu alibisha hodi jioni akiwa bado na sare ya kazi. Gari lake lilikuwa bovu, akaniomba nimkimbize akapige kura ya mchujo ya urais. "Tunarudi sasa hivi, mijo," yaani mwanangu kwa Kihispania. Ni mama wa Kimeksiko aliyepata uraia wa Marekani uzeeni, na mtaani kwetu Maryvale, magharibi mwa Phoenix, jimboni Arizona, wengi ni Walatino kama yeye. Mimi nilikuwa na kadi ya ukaazi tu, kura haikunihusu.

Kituo kilikuwa kanisani. Nilipoona magari yaliyoegeshwa hadi vichochoroni, nilidhani kuna msiba wa mtu mkubwa. Foleni ilikuwa imelizunguka jengo, ikavuka maegesho na kuishia kando ya barabara.

Foleni naijua. Machi 2013, kule Kenya, tulijipanga tangu alfajiri. Lakini kwetu siku ya kura huwa ni likizo, na wazee na kina mama wenye watoto wachanga hupitishwa mbele. Hapa ilikuwa siku ya kazi. Mwanamume mmoja, viatu vimejaa unga wa jikoni, alitazama saa, akahesabu vichwa mbele yake, akaenda zake zamu ya usiku. Wengine wakafuata. Kila mmoja alipoondoka tulisogea hatua moja, na tulifurahi, jambo linalonikera mpaka leo.

Mwalimu mmoja mstaafu alikuwa akieleza kwa Kihispania, jirani akinitafsiria. Phoenix na vitongoji vyake vilikuwa vimewekewa vituo 60, ilhali mwaka 2012 vilikuwa kama 200. Ati kubana matumizi, na watu wengi siku hizi hupiga kura kwa posta. Ni kweli wapo wengi, ila si hawa waliosimama hapa. Zamani, mzee akasema, Arizona isingegusa hata kituo kimoja bila kibali cha Washington, kwa sheria ya haki za kupiga kura ya 1965. Uamuzi wa Mahakama ya Juu wa Juni 2013 ukaliondoa sharti hilo. "Na unaruhusiwa kupigia kituo chochote kati ya hivyo 60," akaongeza huku akicheka. "Chagua foleni uipendayo!"

Saa moja usiku ikafika. Waliochelewa hawakukubaliwa tena; sisi tuliokwisha kujipanga tulikuwa na haki ya kubaki. Watu wema wakaleta maji na pizza. Haukupita muda, simu zikaanza kuwaka mikononi: vyombo vya habari vimetangaza kwamba Clinton na Trump wameshinda Arizona, kila mmoja katika chama chake. Sisi hata mlango hatujauona. Kijana nyuma yetu akatukana, akaondoka.

"Señora, twende nyumbani. Wameshatangaza."

Alikuwa amevua viatu, ameketi juu ya katoni ya maji. "Wametangaza? Mimi waliniuliza lini?"

Aliingia kukikaribia usiku wa manane. Garini hakusema amempa nani kura, nami sikumuuliza. Yeye ndiye aliyeuliza: uraia wangu utatoka lini? Nikamwambia bado miaka kadhaa. Akahesabu kwa vidole.

"Basi 2020," akasema huku akifunga mkanda. "Na ukijiandikisha, omba ya posta."