Nilivyoifuata boti ya mvuke hadi Braunston

Treni ya kutoka London Euston hadi Rugby inachukua kama saa moja, na kwa sehemu ndefu ya njia mfereji unakufuata dirishani. Unajificha nyuma ya miti, unatokea upande wa pili, unapotea tena. Zaidi ya miaka mia moja iliyopita, boti za mvuke za kampuni ya Fellows Morton & Clayton zilitumia saa 54 kutoka London hadi Birmingham kwa maji hayo, mchana na usiku bila kutia nanga, zikipakia chai, sukari na bidhaa nyingine ambazo wenyewe hawakutaka zichelewe. Moja ya boti hizo, President, bado ipo na bado inawasha moto. Ndiyo iliyonitoa kitandani Jumamosi ya Juni ambayo ningeweza kulala hadi saa sita.

Rugby ndipo nilipoumia. Basi la kwenda kijiji cha Braunston, boti ilikokuwa, halikutokea, na pale kituoni hapakuwa na mtu wa kumuuliza. Dereva wa teksi aliniambia pauni 35, hapunguzi. Hiyo ni zaidi ya shilingi laki moja ya Tanzania kwa safari isiyofika kilomita ishirini! Kwa hela hiyo, kwetu ningetoka Kigoma hadi Kasulu na kurudi, na chenji ya migebuka ikabaki. Nilipanda kwa sababu boti haikuwa na habari na mimi. Njia nzima sikusema neno, na dereva naye hakunisemesha. Pale kijijini kukawa na kiingilio, kisha kikombe cha chai na kipande cha keki kwa bei ambayo mama lishe wa Ujiji angeona haya kuitaja.

Kila Juni boti za kazi za zamani hukusanyika Braunston. Nilizipita nyingi bila kusimama, nikaelekea kwenye malango ya maji, maana niliambiwa President inapanda. Kuna malango sita hapo, moja baada ya jingine. Kila moja ni chumba cha matofali chenye milango mizito ya mbao mbele na nyuma. Boti inaingia chini, milango inafungwa, maji yanaachiwa kutoka juu, boti inainuka taratibu mpaka inalingana na mfereji wa mbele.

Nilikuwa nimetega sikio nikisubiri mngurumo. Mimi nimekulia bandarini, najua chombo cha injini kinavyojitangaza. Kumbe mvuke haupigi kelele. Kwanza niliona dohani nyeusi yenye mikanda ya shaba iliyosuguliwa ikang'aa, kisha harufu ya makaa ya mawe ikanifikia, na boti yenye urefu wa zaidi ya mita 21 na upana wa kama mita mbili ikaingia langoni ikihema tu. Nyuma yake tishari lake, Kildare, la mwaka 1913, lisilo na injini, likasogezwa likakaa ubavuni mwake. Malango ya hapo ni mapana, vyombo viwili vinaingia pamoja. Mama mmoja aliyeshika mkono wa chuma wa kufungulia maji akanitazama akasema, "Usisimame tu, weka mgongo hapo usukume." Nikaupa mgongo ule mti mrefu wa mlango. Sikudhani mlango ungekubali, lakini ukakubali, polepole.

Maji yalipokuwa yanajaa, mzee mmoja alitoa kichwa kwenye chumba cha injini, uso mweusi kwa masizi, akanikaribisha nichungulie. Joto lilinipiga kama nimefungua tanuri la mkate. Boila imekaa pale na mdomo wake wa moto, injini mbele yake, na kati yao nafasi ya mtu mmoja kugeuka, tena awe mwembamba. Yule mzee ni wa kujitolea, halipwi hata senti. Alitia makaa koleo moja, akatazama geji, akafuta mikono, na ndipo akaanza kunieleza, kwa ufasaha wa mtu aliyekwishayaeleza hayo mara nyingi na bado anayapenda.

President iliundwa Saltley, Birmingham, mwaka 1909, kwa pauni 600, na sehemu kubwa ya fedha hizo ilikwenda kwenye mtambo. Ilikuwa na nguvu ya kuvuta tishari na kutembea usiku kucha, jambo ambalo farasi hawezi. Lakini mtambo huo ulikuwa na tumbo kubwa. Boila, injini na makaa vilikalia mahali ambapo boti ya farasi ingepakia tani kadhaa zaidi. Mtambo ulitaka mtu wa kuukalia wakati wote, na mwendo wa usiku na mchana ulitaka watu wa kupokezana. Kwa hiyo wanaume wanne walikuwa kwenye boti na watatu kwenye tishari, wakilala kwa zamu katika vyumba ambavyo ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Zilipokuja injini za mafuta za Bolinder, zinazokaa pembeni na kuendeshwa na watu wachache, hesabu ikaamua. Mwaka 1925 mvuke ukang'olewa President. Ilikuwa imefanya kazi kwa mvuke miaka kumi na sita tu.

Hiyo miaka kumi na sita ndiyo iliyonikaa moyoni. Mwaka 1948 kampuni ilifunga shughuli na boti zake zikaenda mikononi mwa serikali, na President ikawa chombo cha matengenezo ya mifereji. Mwaka 1973 wapenzi wawili wa boti za zamani waliinunua ikiwa imechoka, wakaitengeneza, na kufikia 1978 ikawaka moto tena. Tangu 1983 ni mali ya jumba la makumbusho la Black Country, Dudley. Kwa hiyo imepiga mvuke kwa ajili ya kumbukumbu kwa muda mrefu kuliko ilivyopiga kwa ajili ya mzigo. Mimi sioni kwamba ni upuuzi. Naona ni haki ya wale watu saba waliokosa usingizi.

Maana kazi yenyewe haikuwa mchezo. Kusini ya Braunston, kwenye handaki la Blisworth, lenye urefu wa zaidi ya kilomita mbili na nusu, moshi wa boti ya mvuke iitwayo Bee uliua watu wawili mwaka 1861, ndipo yakachimbwa matundu ya hewa. Na hapo hapo Braunston, Agosti 1923, mabaharia wa Fellows Morton & Clayton waligoma kwa wiki 14 kwa sababu kampuni ilitaka kupunguza ujira. Boti zilijaa gatini zikiwa zimefungwa kamba. Jioni nilikwenda kusimama hapo. Sasa pamejaa boti za mapumziko zenye vyungu vya maua.

Nilimkuta yule mzee na wenzake wamekaa, moto umepunguzwa. Nikawaeleza kuhusu Liemba, meli yetu ya Ziwa Tanganyika. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikiitwa Graf von Götzen, mita 71, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa kwenye masanduku kama 5,000, ikaja Dar es Salaam kwa meli na Kigoma kwa reli. Mwaka 1916 mafundi wa Kijerumani waliipaka mitambo grisi nzito kabla ya kuizamisha wenyewe isitekwe.

"Wakaipaka grisi?" mzee akanikatiza, akawaita wawili waliokuwa ndani ya Kildare. Ikabidi nianze upya, kuanzia masanduku.

Nikawaambia iliibuliwa mwaka 1924, mitambo ikakutwa mizima, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Mvuke wake haukuondolewa mpaka miaka ya 1970. Nikawaambia jinsi ilivyokuwa ikisimama katikati ya ziwa mbele ya vijiji visivyo na gati, mitumbwi ikiikimbilia na dagaa, mananasi, wazee na watoto wachanga, watu wakipandia mlango wa ubavuni gizani. Niliyapita yale yote utotoni bila kuyahesabu kuwa kitu. Yule mzee aliuliza mvuke wake ulikuwa na shinikizo kiasi gani, nani aliyekuwa akitia moto, na je, kuna kikundi kinachoitunza. Mawili ya kwanza sikuwa na jibu. La tatu nilijibu kwamba ni mali ya serikali, na kwamba kila ikikaa muda mrefu bila kusafiri, watu wa Kigoma huuliza itarudi lini.

"Basi nauli ya kutoka Dar es Salaam ni kiasi gani?" akauliza yule mama wa mkono wa chuma. Nikamtajia ya treni, daraja la tatu na behewa la kulala, naye akaziandika zote mbili nyuma ya ratiba ya malango.