Visukumio vya piezo: nilivyovinusuru na unyevunyevu wa Kampala

Kisukumio cha piezo, yaani cha kauri inayorefuka ikipewa umeme, ni kidogo, kama kidole gumba cha mtoto, na kazi yake ni kupandisha na kushusha lenzi ya hadubini kwa mikromita chache. Ndani yake mna mamia ya tabaka za kauri ya risasi, zirkoni na titani, kila moja nyembamba kuliko karatasi nyingi za daftari, na kati ya tabaka na tabaka pamepakwa utando wa fedha na paladi unaopitisha umeme. Ukikipa volti 100 hivi, kauri inarefuka karibu sehemu moja katika elfu. Kipande cha milimita 20 kinasogea mikromita 20. Hakuna gia, hakuna grisi, hakuna kinachosuguana.

Ndiyo maana, vilipokuwa vinaharibika, sikukubali maelezo yaliyozoeleka katika maabara ninayoihudumia hapa Kampala, kwamba vinachoka kwa kutumiwa. Picha ilianza kupoteza fokasi taratibu, halafu siku moja kontrola, kisanduku kinachokipa kisukumio volti, inajizima. “Fundi, tusiiwashe kila siku, tunaichosha,” mwanafunzi mmoja aliniambia. Lakini vilikuwa haviharibiki katikati ya kazi. Viliharibika Jumatatu asubuhi, na hasa miezi ya mvua, Machi hadi Mei.

Nikachukua kimoja kilichoanza kusumbua, nikapitisha waya wake kwenye multimita, nikakipa volti 100 na kusubiri. Kiumeme, kauri hii ni kapasita: ikishajaa chaji, mkondo hushuka hadi karibu na sifuri. Uipe dakika kadhaa, maana hushuka polepole. Wa kwetu haukushuka. Ulitulia kidogo kwenye mikroampea, kisha ukaanza kupanda huku nikiutazama. Nikakitoa, nikaunganisha nyaya zake mbili (joto peke yake huzalisha chaji ndani ya kauri), nikakiweka kwenye oveni ya kukaushia kwa nyuzi 60 usiku kucha. Kesho yake mkondo ulikuwa umepungua sana. Tatizo lilikuwa maji.

Mvuke hupenya taratibu kwenye plastiki inayofunika kauri hadi ukingo wa utando wa fedha. Volti kubwa ikisimama pale pale saa nyingi, chembe za fedha zenye chaji huhama kutoka upande chanya na kujenga njia nyembamba kuelekea utando wa jirani. Umeme unavuja, uvujaji unaongezeka, mwisho kauri inatoboka. Kikiwa kazini mfululizo, joto dogo kinalolitoa hufukuza unyevu. Wanafunzi wetu walikuwa wanaacha lenzi juu kabisa, yaani kwa volti kubwa, Ijumaa jioni ili Jumatatu wasitafute fokasi upya. Hapo ndipo vilipokufa, vikiwa vimekaa tu.

Kazi yenyewe vinaivumilia ajabu. Visukumio vilivyofunikwa kwa kauri badala ya plastiki vilipimwa mizunguko bilioni 100 kwa ajili ya gari la Curiosity lililotua Mars mwaka 2012, ambako hutikisa unga wa mawe ili upimwe.

Basi nikaanza na volti. Uhai wa kauri hupungua kwa kasi kadiri volti inavyopanda, kwa hiyo sasa sampuli inasogezwa kwanza kwa kirungu cha kuzungusha kwa mkono mpaka fokasi ipatikane kisukumio kikiwa na volti chache. Nikaandika programu fupi inayokirudisha sifuri mashine isipoguswa kwa muda. Hadubini nikaifunika kwa kasha lenye silika, chembe zinazonyonya unyevu, ambayo huokwa upya ikibadilika rangi. Mwanafunzi yule nilimwambia, “Washa kila siku, mwanangu, ila ukimaliza irudishe sifuri.”

Kuvuta nako ni hatari, na hili mafundi wengi hawaambiwi. Kauri hustahimili kubanwa, lakini ikivutwa hupasuka kwa nguvu ndogo sana. Ndiyo sababu kuna springi inayoibana muda wote. Ukikipandisha volti kwa ghafla na lenzi nzito iko juu, lenzi inapitiliza na kuivuta. Niliongeza muda wa kupanda na kushuka, na nikaweka UPS, betri ya akiba, kwa sababu umeme wetu hukatika na kurudi kwa kishindo. Kwenye kufunga sikazi skrubu kwa kukisia. Kisukumio kikikaa upande, ukingo mmoja unavutwa.

Ukikichomoa, usiguse nyaya zake wala usizigusanishe kavukavu. Chaji imebaki ndani, na ikitoka kwa mpigo mmoja kauri inajikunja ghafla na kupata ufa. Mimi huipitisha kwanza kwenye rezista ya kilo-omu 10 ili itoke polepole, nasubiri, ndipo naunganisha nyaya na kuhifadhi.

Tulipoagiza vipya tulichagua vya kufunikwa kwa kauri, ingawa bei ilitupa shida kumshawishi mkuu wa maabara. Cha zamani nilichokikausha bado kinafanya kazi kwenye meza ya mazoezi. Kila mwanzo wa mwezi napima mkondo wake na kuuandika kwenye daftari. Namba ikianza kupanda, kinarudi kwenye oveni kabla hakijaharibu jaribio la mtu.