Bili ya bawaba za geti, na kwa nini natuma drili ya meza Kigoma

Mwakeye wandugu. Juzi huku Ujerumani nimeletewa bili ya bawaba za geti, bawaba mbili tu zile za chuma, na nimeshindwa kunyamaza. Euro 214. Fundi kaja na gari lake, kang'oa zilizokatika, katoboa matundu mapya, kafunga bolti, kapaka grisi, kaondoka, hata saa moja na nusu haikufika. Bili ikaja kwa posta imepangwa mstari kwa mstari, gharama ya gari lake kuja na kurudi, muda wake, bawaba, bolti mpaka washa (vile vibati vya duara vya kuweka chini ya nati), na chini kabisa VAT asilimia 19. Nyie mliopo Mwanga, kwetu Kigoma, mnajua kazi hiyo fundi analipwa shilingi ngapi, na mnajua kabla hamjamlipa lazima mtu aseme "punguza bwana, si matundu manne tu hayo".

Nilichukia siku nzima. Ila kadiri nilivyorudia kuisoma ile bili hasira ikahama, nikaanza kuchukia mambo ya kwetu. Maana huku Ujerumani hakuna anayemwambia fundi apunguze, mikono yake ina bei na bei yake imeandikwa. Sasa mdogo wangu anachomelea mageti tangu alipomaliza la saba, ukipita mitaa ya kwetu utakuta kazi zake kila kona, na bado mteja anamlipa nusu halafu anamzungusha mwezi mzima kana kwamba anamuomba msaada. Na zana alizonazo mnazijua. Drili ya mkono, biti imeisha makali, fletiba, kile chuma bapa, ipo chini kwenye vumbi kaikanyaga kwa kandambili, anaegemea na uzito wake wote, biti ikikaribia kutokea upande wa pili inakamata chuma na chuma kinazunguka nayo. Kovu analo kwenye muundi mpaka leo. Watu wakasema ni bahati mbaya, mi nasema angekuwa na jiliwa la kubania chuma hilo kovu lisingekuwepo.

Jirani yangu ni mzee mstaafu, maisha yake yote kafanya kazi ya kuchonga chuma kwenye lezi, ile mashine inayozungusha chuma kikichongwa. Tunaishi mji unaitwa Leer, kaskazini huku karibu na bahari, watu wa huku ni wa chai sana. Nikamwonyesha bili, akaisoma taratibu, akaniambia bei hiyo ni ya kawaida, halafu akanipeleka gereji kwake akasema kuanzia leo ukiwa na kazi ya chuma njoo hapa, ufunguo huu. Wandugu, kwa mnaolijua hili taifa, Mjerumani kukupa ufunguo wa gereji yenye zana zake ni jambo kubwa mno. Sijawahi kutendewa wema wa namna ile tangu nimefika.

Ndani kuna drili ya meza, ile yenye nguzo na mkono wa kushusha, imefungwa kwa bolti kwenye benchi zito. Kuna benchi grenda, jiliwa mbili, tupa zimepangwa kwa ukubwa, na kila kitu kina sehemu yake ukutani. Cha kwanza alichonikataza ni glavu. Mimi nilidhani glavu ndo usalama, kumbe kwenye mashine inayozunguka glavu ikinaswa inavuta vidole mpaka mkono, na mikono mirefu ya shati vilevile, na nywele. Miwani ni lazima. Ufunguo wa kukazia biti unatoka hapohapo ukishakaza, ukiusahau pale juu ukawasha mashine unarushwa kama risasi. Na chuma lazima kishikwe na jiliwa au klampu, hata kiwe kidogo namna gani, mkono haushiki kitu chini ya biti.

Halafu kuna hesabu ambayo kwetu hakuna aliyenifundisha, mwendo wa mashine. Ukifungua kile kifuniko cha juu unakuta puli za ngazi na mkanda, unahamisha mkanda kubadili mwendo. Kwa chuma cha kawaida na biti za HSS (zile za chuma kigumu cha kukatia), biti ya milimita 10 inataka mizunguko kama 800 kwa dakika, ya milimita 5 kama 1,600, ya 20 ishuke mpaka 400. Biti nene inazunguka polepole, hivyo tu. Chuma kisichoshika kutu unapunguza tena karibu nusu na unakandamiza bila kusita, ukiacha biti isugue tu bila kukata chuma kinazidi kuwa kigumu. Mbao zenyewe zinapenda mwendo mkali, unaweka kipande cha mbao chakavu chini ili mninga wako usichanike upande wa pili. Drili ya mkono ya mdogo wangu inakwenda mbio kwa biti zote, ndo maana biti zinageuka bluu na kufa, na yeye anamlaumu muuza duka. Kwenye chuma weka alama kwanza kwa senta panchi, kile kichuma chenye ncha, tia mafuta ya kukatia, shusha mkono, achia kidogo chenga ikatike, shusha tena. Chenga unafagia kwa brashi, zinakata kuliko wembe. Na Jumapili hakuna kuwasha kitu, Jumapili hapa ni siku ya kimya na majirani hawana mzaha na kelele.

Sasa wale mnaonijazia inbox mnataka kuja. Mnaniuliza kuhusu kazi za ghala na kuosha vyombo, na wengi wenu mna cheti cha VETA cha uchomeleaji au ufundi mitambo mmekificha kabatini kwa sababu mnaona ufundi ni wa walioshindwa shule. Kitoeni. Huku kuna Ausbildung, unasoma chuo huku unafanya kazi kampuni na unalipwa kila mwezi, kwa fundi mitambo ni miaka 3 na nusu. Lugha kwanza, fikeni B1, yaani kiwango cha kati, bila Kijerumani hamtaelewa hata onyo lililobandikwa kwenye mashine.

Mimi nimenunua drili ya meza iliyotumika na naituma kwa mdogo wangu. Kuna watu wamesema ni ujinga, nitume simu au nitume hela. Mji wa Papenburg si mbali na hapa Leer, ndo ilipoundwa meli yetu ya Liemba mwaka 1913, wakaifungua vipande, ikasafirishwa ndani ya masanduku hadi Dar na kutoka hapo kwa reli mpaka Kigoma, ikaunganishwa kwa ribiti, zile pini za chuma za kugongea mabamba, ikaingia Ziwa Tanganyika 1915. Matundu ya yale mabamba yasingelingana ribiti isingepita. Imezamishwa vitani, ikaibuliwa, ikarudi kazini 1927. Kwa hiyo msiniambie chuma kizito hakifai kusafirishwa mpaka Kigoma.

Mkinunua mitambo ya huku angalieni plagi. Ikiwa nyekundu ya pini tano ni umeme wa fezi tatu, volti 400, nyumba ya kawaida Mwanga haitaiwasha. Chukueni ya fezi moja, volti 230 kama zetu, unabadili plagi tu.

Na wewe mdogo wangu, najua unasoma hapa. Anza kumwaga zege la meza sasa hivi, acha bolti nne za M12 (unene wa milimita 12) zimesimama, vipimo vya matundu nimekutumia WhatsApp. Na ule mteja wa geti la Katonga aliyebakiza hela yako, mwandikie bili, mstari kwa mstari, mpaka washa.