Jezi namba 36 ya LSU, na hesabu za kumuenzi mchezaji wa besiboli ya chuo

Eddy Furniss hakucheza hata mechi moja ya ligi kuu ya kulipwa ya Marekani. Hata hivyo jezi yake namba 36 imestaafishwa katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana, LSU, na hakuna kijana atakayeivaa tena pale. Anayeshangaa amesahau jambo moja: chuo hakimuenzi mtu kwa mshahara alioupata baadaye, kinamuenzi kwa kazi aliyoifanya akiwa amevaa jezi yake. Na kazi ya Furniss kati ya 1995 na 1998 haihitaji wakili. Alipiga homurani 80 (mapigo yanayoupeleka mpira nje ya uwanja), akaingiza mikimbio 308, yaani pointi, kwa gongo lake, tena katika kikosi kilichotwaa ubingwa wa taifa mwaka 1996 na 1997.

Ila takwimu zile ni za zama zake, na kamati ya heshima isiyojua zama hizo itakosea. Magongo ya aluminiamu yaliingia besiboli ya vyuo mwaka 1974. Kufikia miaka ya tisini ukuta wa gongo ulikuwa mwembamba kiasi kwamba ulibonyea ukigongwa, kisha ukarudi na kuusukuma mpira. Gongo la mbao halifanyi hivyo. Linapogonga, mpira ndio unaobonyea na kupoteza nguvu. Mwaka 1997 LSU walipiga homurani 188 kwa msimu mmoja. Mwaka uliofuata fainali ya taifa iliisha Chuo Kikuu cha Kusini mwa California (USC) 21, Arizona State 14. Matokeo ya besiboli, si ya raga.

Baadaye gongo likawekewa masharti: tofauti kati ya urefu kwa inchi na uzito kwa aunsi isizidi 3, yaani gongo la inchi 33 lisipungue aunsi 30. Mwaka 2011 kikaja kipimo cha BBCOR. Gongo hurushiwa mpira maabara, kasi ya mpira kurudi ikapimwa, na kiwango kisivuke 0.50. Homurani zikashuka ghafla kote nchini. Kwa hiyo mpigaji wa 1997 asiwekwe sambamba na wa 2012 katika jedwali moja. Chukua homurani zake, gawanya kwa mechi alizocheza, kisha linganisha na wastani wa ligi yake mwaka huohuo. Ukimkuta yuko mara tatu juu ya wenzake, gongo si kisingizio, maana wote walishika la aina hiyohiyo.

Upande wa warushaji, wanaomrushia mpigaji mpira, kosa ni dogo na linajirudia kila mahali. Katika kumbukumbu za besiboli, inningi (vipindi vya mchezo) 122.2 si mia moja ishirini na mbili nukta mbili. Ni inningi 122 na theluthi mbili, kwa sababu katika kila inningi mrushaji na wenzake hutakiwa kutoa wapigaji watatu wa upande wa pili. Jumlisha 6.2 na 7.2 upate 14.1, si 13.4. Paul Skenes, mrushaji wa LSU, mwaka 2023 alitoa wapigaji 209 kwa straiki (mitupo mitatu halali ambayo mpigaji anashindwa kuipiga) ndani ya inningi hizo 122.2. Zidisha 209 kwa 9, gawanya kwa 122.67, unapata 15.33 kwa kila inningi tisa. Ukigawanya kwa 122.2 kama kikokotozi kinavyoisoma, unapata 15.39, na kibao cha shaba kinachongwa na uongo juu yake. Wanaotengeneza programu ya laha za hesabu wabadilishe kwanza kila kitu kuwa idadi ya waliotolewa (368 kwa Skenes), ndipo wagawanye.

Skenes analeta swali gumu zaidi. Kabla yake rekodi ya kutoa wapigaji kwa straiki katika msimu mmoja wa SEC, ligi ya vyuo vya kusini-mashariki mwa Marekani anamocheza LSU, ilikuwa ya Ben McDonald, aliyetoa wapigaji 202 mwaka 1989 na ambaye namba yake 19 pia imestaafishwa. Lakini McDonald alikulia LSU. Skenes alihamia akitokea Chuo cha Jeshi la Anga, akacheza LSU msimu mmoja, akatwaa ubingwa, akachaguliwa wa kwanza na timu ya kulipwa ya Pittsburgh Pirates. Siku hizi kuhama ni jambo la kawaida, na nyota wengi huondoka baada ya mwaka wa tatu kwa sababu hapo ndipo timu za kulipwa zinaruhusiwa kuwachukua. Jedwali la rekodi za maisha yote chuoni linawapendelea waliobaki miaka minne, kama Furniss. Kwa maoni yangu ziwepo heshima mbili tofauti: ukuta wa misimu bora kwa wapitaji, na kustaafisha jezi kwa waliokijenga kikosi. Tena isiamuliwe kabla ya miaka mitano kupita, shangwe zikiwa zimetulia.

Kocha hupimwa vingine. Skip Bertman, kocha wa LSU 1984 hadi 2001, alishinda mechi 870, akapoteza 330, akatoka sare 3. Sare huhesabiwa nusu ushindi: 871.5 kwa 1,203, yaani 0.724. Ongeza mataji matano ya taifa. Kamati pia iangalie alifanya kazi na nini, maana kwa miaka mingi besiboli ya wanaume iliruhusiwa ufadhili kamili wa masomo 11.7 tu kwa kila timu, ukagawanywa vipande kwa wachezaji wengi; kikomo hicho kiliondolewa mwaka 2025. Bertman namba yake 15 imestaafishwa na uwanja wenyewe wa kuchezea una jina lake, ingawa jengo zima linabaki Alex Box Stadium, kwa jina la mchezaji wa chuo aliyeuawa Afrika Kaskazini katika Vita Kuu ya Pili.

LSU wana desturi nyingine ninayoipenda kuliko kustaafisha. Namba 8, tangu enzi za mchezaji wao wa zamani Mikie Mahtook, hupewa mchezaji mkongwe anayeongoza wenzake. Alex Bregman aliivaa. Jezi hii haifungiwi kabatini, inarithishwa, na anayeipewa anajua nani aliitolea jasho kabla yake. Chuo chenye fedha kidogo kinaweza kuanza na hilo: jezi ipo tayari, kinachotakiwa ni sharti la kuichagua liandikwe wazi, na kura ipigwe na wachezaji wenyewe pamoja na makocha, si wafadhili.