Rubani akitoroka, angalia wanaobaki

Juzi usiku nimemaliza kuirudia Eureka Seven na bado sijakaa sawa kichwani, kwahiyo ngoja niandike kabla haijapoa. Mara ya kwanza kabisa nilipoianza, miaka mingi nyuma, niliishia episodi ya 11 hivi nikaachana nayo, na nikawa nazunguka nawaambia watu eti ni maroboti yanateleza angani na dogo mmoja anayepiga makelele, hamna kitu pale. Nilikua najiamini kweli. Sasa leo nakuja kulamba matapishi yangu. Kama hujaiona na hutaki kuharibiwa utamu basi ishia hapa, maana naimwaga yote.

Kwa ambao mmebaki: ni anime ya studio Bones, muongozaji Tomoki Kyoda, episodi 50, ilirushwa Japani kuanzia Aprili 2005 mpaka Aprili 2006. Yaani mwaka mzima watu wanaamka Jumapili asubuhi kuangalia episodi moja. Hilo lishike, nitalirudia.

Renton Thurston ana miaka 14, anaishi na babu yake Axel ambaye ni fundi, kwenye kamji kamelala kanaitwa Bellforest. Baba yake Adroc alikufa na dunia nzima inamuita shujaa, dada yake Diane aliondoka nyumbani na hakurudi. Dogo hana ndoto nyingine zaidi ya kujiunga na Gekkostate, kundi la waasi wenye meli ya angani iitwayo Gekko, wanaoteleza na mbao juu ya mawimbi ya trapar, nguvu isiyoonekana iliyo hewani, kama watu wa baharini wanavyoteleza kwenye maji. Wana mpaka jarida lao na Renton analisoma, kiongozi wao Holland kwake ni kama mungu mdogo. Halafu siku moja roboti linaitwa Nirvash linaangukia nyumbani kwao, anashuka binti anaitwa Eureka, dogo anapenda hapohapo, anapanda meli, anaondoka na mashujaa wake.

Na mashujaa wake wanageuka kuwa watu wa hovyo.

Hapa ndo wengi tunaichoka. Karibu episodi ishirini Renton anatumwa, anachekwa, watoto watatu anaowalea Eureka wanamchezea akili, Holland anamzaba makofi kwa sababu ambazo hata mwenyewe haelezi, na dogo naye analia na kulalamika mpaka unatamani umtoe kwenye skrini umkalishe chini. Nilivyoangalia mara ya kwanza nilidhani uandishi ni mbovu. Safari hii nikaona kitu ambacho sikukiona, kwamba kwenye ile meli hamna mtu mzima. Kuna watu wenye umri mkubwa ndio, ila hamna hata mmoja anayemuuliza yule mtoto umekula, umelala, unaogopa. Kelele za Renton ni za mtoto anayeita na hakuna anayeitika. Sasa huwezi kuonyesha hiyo kwa episodi mbili, ukionyesha kwa mbili inakua tatizo la wiki hii linalotatuliwa wiki ijayo. Ukionyesha kwa ishirini inakua ndo hali ya nyumba.

Ikifika kwenye episodi ya 20 ndo inalipuka. Renton yuko vitani ndani ya Nirvash, amepandwa na hasira, anapiga kila kinachokuja mbele yake, halafu anaona kilichobaki cha rubani ndani ya mashine aliyoichana. Muda wote huo alikua anacheza, yaani kwake ilikua kuteleza na kumpendeza msichana, kumbe ndani ya yale maroboti kuna watu na yeye amekua anawaua. Anatapika. Na hakuna anayemshika mkono. Anabeba vitu vyake anaondoka.

Sasa rubani kutoroka siyo jambo jipya kabisa, ni kama mila ya hizi anime za maroboti. Amuro kwenye Gundam ya 1979 alisikia wakubwa zake wanapanga kumtoa kwenye roboti lake, akaondoka nalo jangwani, huko akakutana na Ramba Ral, adui mwenye utu kuliko wakubwa zake mwenyewe, na akarudi kwenda kupigana naye. Shinji kwenye Evangelion alitoroka mapema tu, episodi ya 4, akazunguka zunguka, akarudi. Kwa hiyo Renton anapoondoka mtu anayejua hizi hadithi anasema sawa, kesho kutwa atarudi.

Harudi. Kesho yake harudi, na wiki inayofuata harudi. Anarudi episodi ya 26. Kumbuka nilichosema, kwa mtu aliyekua anaangalia mwaka 2005 huyo dogo alikua nje ya ile meli zaidi ya mwezi.

Huko alikokwenda anapokelewa na Charles na Ray Beams, mume na mke, na kwa mara ya kwanza kwenye hadithi nzima kuna watu wanamlisha, wanamsikiliza, wanamwambia ukitaka kuwa mtoto wetu mlango uko wazi. Charles anamfundisha kwamba ukishaamua jambo usimame nalo mpaka mwisho. Moyo unapona kidogo, mpaka inakuja kujulikana kwamba hawa wanandoa wamekodiwa kuwinda Gekko na Eureka. Jamani. Watu wazuri kuliko wote aliowahi kukutana nao wanakwenda kumuua anayempenda, na wala hawajageuka wabaya, wanabaki walewale. Nilisimamisha hapo nikaenda kutembea.

Lakini siyo hicho kilichonifanya niandike. Kilichonifanya niandike ni kamera kubaki kwenye meli. Hadithi nyingi rubani akitoroka tunamfuata yeye, tunaona anavyolia kwenye treni au jangwani, basi. Hii inarudi Gekko kila episodi na kutuonyesha shimo alipokua amekaa. Wale watoto waliokua wanamsumbua wanamuulizia. Eureka, ambaye mwanzoni alikua anaongea kama mtu anayesoma maelekezo ya kutumia jokofu, anaanza kujua kwamba kitu fulani kinamuuma ila hajui kinaitwaje. Na Holland hana tena wa kumpiga makofi, kwahiyo inabidi abaki na yeye mwenyewe.

Na hapo ndo unaelewa. Holland alikua mpenzi wa Diane, dada wa Renton. Kila akimuangalia yule dogo anamuona mwanamke aliyempoteza, na juu ya hapo Nirvash, ambayo yeye angetaka imchague, imemchagua huyu mtoto asiyejua kitu. Wivu wa mtu mzima kwa mtoto wa miaka 14! Holland alikua jeshini, Eureka alikua chini yake, walifanya mauaji kwenye mji wa Ciudades del Cielo na wale watoto watatu ndo Eureka aliwatoa huko, walibaki hai baada ya yeye na wenzake kuua watu wao. Wanamuita mama. Hebu fikiria Holland anaishi na hilo kwenye meli moja, kila asubuhi, halafu nje anajulikana kama bingwa wa kuteleza angani mwenye jarida. Talho, mwanamke anayeendesha ile meli na ambaye amemvumilia Holland miaka yote akiwa bado anamuwaza Diane, anamchana bila huruma. Tena Talho mwenyewe kuna mahali anakata nywele, anabadilisha mavazi, ana mimba, anaamua kuacha kujifanya binti. Hamna anayetoa hotuba kwamba sasa nimekua, unaona tu mtu ameingia chumbani tofauti.

Mimi nasema hivi na mtanipinga: anayekua sana kwenye Eureka Seven siyo Renton, ni Holland. Renton alikua na moyo mzuri toka mwanzo, alichokosa ni kujua gharama. Holland alikua anajua gharama yote na akachagua kumlipisha mtoto. Kutoka yule jamaa wa episodi ya 5 mpaka yule wa mwisho anayejitupa mbele ili dogo na Eureka wapate njia, ni safari ndefu, na kwa kuwa inakwenda polepole hukuti mahali unaweza kusema hapa ndo alibadilika.

Siyo kwamba kila kitu kimekaa vizuri. Dewey, kaka yake Holland, ambaye ndo adui mkuu, yupo vilevile mwanzo mwisho, anakaa anaongea kwa mafumbo, kwa anime yenye episodi 50 hiyo ni uvivu. Na Anemone, binti anayeendesha roboti jeusi la jeshi linaloitwa theEND, anachomwa madawa na kutumiwa kama kifaa, tunampata kwa vipande vipande mno, episodi nyingi yuko pembeni anapiga watu na vitu tu. Ila episodi ya 48 ikija, Dominic, mwanajeshi anayempenda, anamfuata angani na lile roboti jeusi linageuka jeupe, nimeshasamehe kila kitu, sina cha kusema.

Aaah na ile episodi ya 39, dunia inakaribia kwisha na wao wanacheza mpira! Wengine wanaichukia, wanasema ya kupoteza muda. Mimi naipenda. Wale watu walianza wakiwa hawawezi kukaa meza moja bila kuumizana, sasa wanagombania mpira kama ndugu.

Nikimaliza na hili. Wa kwanza kuachwa kwenye hii hadithi siyo watu wa Gekko, ni babu Axel. Alishampoteza mwanae Adroc, Diane akaondoka, halafu Renton naye kwenye episodi za mwanzo kabisa anaondoka, na mara ya kwanza mimi wala sikumuwaza yule mzee, nilikua na haraka tupande meli. Kwenye episodi ya 50, mwaka mmoja baada ya yote, tunarudishwa Bellforest. Yule mzee yupo. Wale watoto watatu, Maurice, Maeter na Linck, wako naye, wamekua kidogo, nyumba ina kelele tena, na wote wanne wanawasubiri Renton na Eureka.