Vikombe 8 vya chai ya shangazi, na ile p iliyonitoa jasho

Siku natetea proposali yangu ya utafiti wa tabia, mwalimu mmoja akaniuliza kaswali kadogo tu, ile p ya kwenye takwimu maana yake nini. Mi huyo kwa kujiamini: ni uwezekano kwamba matokeo yametokea kwa bahati. Akanyamaza. Ule ukimya nausikia mpaka leo.

Aliyekuja kunifungua akili ni shangazi. Anadai chai iliyopikwa pamoja na maziwa na strungi iliyomwagiwa maziwa juu anazitofautisha kwa kuonja tu. Sasa kuna ile stori ya Ronald Fisher, mtaalamu wa takwimu, pale Rothamsted, kituo cha utafiti wa kilimo Uingereza, miaka ya 1920, mwanasayansi mwenzake Muriel Bristol alisema anajua kikombe gani kimetangulia maziwa na gani kimetangulia chai, Fisher akamtegea vikombe. Nikasema ngoja na mi nimtegee shangazi.

Vikombe 8, vinne vya kila aina, na yeye namwambia kabisa ni vinne vinne. Mpangilio nikaokota kwa vikaratasi, maana ningepanga kichwani ningepishanisha kimoja kimoja na angenishtukia. Majani, sukari na maziwa kipimo kilekile, halafu nikaiacha yote ipoe kwa sababu ya kumwagia inawahi kupoa, angejua kwa joto la kikombe wala sio kwa ulimi. Hapo aligomba kweli: "We mtoto, chai ya baridi umejifunzia wapi?"

Akapatia 6, viwili kavibadilisha.

Sasa chukulia shangazi hajui kitu, anabahatisha tu (ndo ile nali haipothesisi ya darasani). Kuchagua vikombe 4 kati ya 8 kuna njia 70. Moja tu inapatia vyote, na 16 zinakosea viwili kama yeye. Kwa hiyo mbahatishaji anaweza kumfikia shangazi au kumzidi kwa njia 17 kati ya 70, kama 0.24 hivi. Hiyo ndo p! Yaani p imeshaanza kwa kukubali kwamba ni bahati, itakwambiaje tena uwezekano wa kuwa ni bahati? Nilikuwa nimeigeuza kichwa chini miguu juu.

Na 0.24 haisemi shangazi ni muongo. Kwa vikombe 8, ukibadilisha viwili tu ushaikosa ile 0.05 watu wanayoiabudu (p ikiwa chini yake ndo wanasema umepita), usipopatia vyote hupiti, kwa hiyo hata mwenye ulimi wa kweli sampuli ndogo inamuonea. Lakini vikombe vikiwa 12, sita sita, njia zinakuwa 924, na za kukosea viwili au kupatia vyote ni 37 tu, ambayo ni 0.04. Kosa lilelile, anapita.

Nimempigia kumwambia turudie na vikombe 12. Kakubali, ila sukari nije nayo, na chai iwe ya moto.