Ijumaa ya Houston: siku yangu na Mabaharia

Saa kumi na moja alfajiri

Nimeamka kabla simu haijalia. Hata udhu sijatia, nimeshafungua msimamo wa ligi ya besiboli kama vile usiku kuna mtu aliyeugusa. Hakuna aliyeugusa. Seattle Mariners wameshinda 84, wamefungwa 69. Houston Astros wameshinda 84, wamefungwa 69. Leo ni Ijumaa, tarehe 19 Septemba 2025, timu mbili ziko bega kwa bega kileleni mwa divisheni ya magharibi ya Ligi ya Amerika, zimebaki mechi tisa, na tatu za kwanza tunacheza Houston, kwao.

Mimi timu hii naiita Mabaharia. Ndiyo maana ya jina lake, na marehemu baba alikuwa mtu wa bandari, Kilindini, miaka yote ninayoikumbuka. Nilipofika jimbo la Washington nikasikia kuna timu ya mabaharia, nilicheka peke yangu ndani ya basi. Kuipenda kulikuja baadaye, na kulikuja kupitia kazi.

Nimeswali, nimemfungia binti yangu chakula cha shule, nimekunywa chai ya rangi nikiwa nimesimama. Nje bado giza.

Saa moja asubuhi

Naingia shifti. Ni nyumba ya kawaida mtaani Burien, vyumba chini, bustani nyuma, ila ndani wanaishi wazee watano na sisi tunaowatunza kwa zamu, mchana na usiku. Mwenzangu wa usiku ananikabidhi daftari la dawa: nani kalala, nani hakulala, presha ya nani ilipanda. Akifika chumba cha mwisho anatikisa kichwa.

"Huyu wako hajalala. Kaniuliza saa mara sita."

Naijua sababu. Mzee wa chumba cha mwisho ana miaka 86. Alikuwa anaingia uwanjani tangu mwaka 1977, timu ilipoanzishwa, wakati ule wakicheza ndani ya Kingdome, jumba la saruji ambalo lilishabomolewa mwaka 2000. Yeye ndiye aliyenifundisha besiboli. Nilipoanza kazi hapa 2021 sikujua mrushaji ni nani wala mdakaji ni nani. Alinifundisha jioni moja baada ya nyingine, redio ikiwa mezani, kwa subira ya mwalimu wa madrasa.

Nami nilimfundisha neno moja la Kiswahili, "bado". Alilipenda kwa sababu anasema Kiingereza hakina neno moja linalobeba yote hayo, kwamba jambo halijawa na kwamba mlango haujafungwa. Katika timu zote 30 za ligi kuu, Mariners ndiyo pekee ambayo haijawahi kucheza fainali kuu, ile World Series. Ukimuuliza, anajibu kwa Kiswahili: "Bado."

Saa mbili na nusu

Siku ya mechi kubwa Mzee hutaka kunyolewa ndevu. Namwekea taulo la moto, napaka povu, naanza shavuni. Mkono wake wa kulia unatetemeka siku hizi, hawezi kushika wembe mwenyewe.

Leo anasimulia 1995. Nimeisikia mara nyingi, na sijawahi kumkatisha. Mwezi Agosti mwaka ule walikuwa nyuma ya Angels kwa mechi 13. Kumi na tatu! Wakafukuza mpaka msimu ukaisha wakiwa sawa, ikabidi wacheze mechi moja ya kuamua, Randy Johnson akarusha, wakashinda 9-1. Siku chache baadaye Edgar Martínez akapiga ule mpira wa pembeni kushoto, Ken Griffey Jr. akakimbia kutoka kituo cha kwanza hadi nyumbani, na Yankees wakaaga mashindano. Mdakaji wa kikosi kile alikuwa Dan Wilson. Leo Dan Wilson ndiye kocha mkuu wetu. Mzee anapenda sana kulisema hilo, kana kwamba ni dhamana ya benki.

"Anajua njia," anasema. "Ameshaipita."

Nafuta povu sikioni. Mimi si mtu wa 1995. Ninayoyajua kwa macho yangu ni haya: 2021 tulitolewa siku ya mwisho kabisa ya msimu. 2023 tulikosa mtoano kwa mechi moja. 2024 tena, mechi moja. Mechi moja kati ya 162! Mtu akifungwa mbali anasahau, lakini ukikosa kwa mechi moja unabaki unahesabu kila mpira wa Mei na Juni ulioponyoka mkononi.

Kwa hiyo Mzee ana matumaini na mimi nina wasiwasi, tunabadilishana kama watu wanaobeba gunia moja.

Saa nne

Kazi. Bibi wa chumba cha pili anaoga leo, inachukua saa nzima kwa sababu anaogopa maji. Halafu kufua, kusafisha, kumpigia daktari kuhusu dawa ya mwingine. Hapa mpira haupo.

Isipokuwa kidogo. Ninapomnyanyua mtu kutoka kitandani kwenda kitini, nakunja magoti, mgongo wima, nashika mkanda kiunoni mwake, nahesabu hadi tatu. Nikifanya mara ishirini kwa siku, usiku magoti yananiuma. Basi kila nikichuchumaa namfikiria Cal Raleigh. Yeye ni mdakaji. Mdakaji huchuchumaa kwa kila mpira unaorushwa, na mchezo mmoja timu moja hurusha mipira zaidi ya mia. Wadakaji wengi hawapigi sana, miguu imeshachoka. Huyu mwaka huu amevusha mpira ukuta, yaani homurani, mara 56. Rekodi ya wadakaji ilikuwa 48, akaivunja Agosti. Wiki hii akampita Mickey Mantle, aliyepiga 54 mwaka 1961, rekodi ya wanaoweza kupiga kutoka pande zote mbili, kulia na kushoto. Na 56 ndiyo idadi ya Griffey, mara mbili, 1997 na 1998, ya juu kabisa katika historia ya klabu hii. Moja tu zaidi.

Watu wanahesabu homurani. Mimi nahesabu magoti, na naomba yadumu hadi Oktoba.

Saa sita mchana

Mapumziko, nusu saa. Nakaa bustanini na wali wa jana, nampigia kaka yangu Mombasa. Kwake ni saa nne usiku, wanapanga kulala.

"Dada, hiyo ligi yenu haiishi?"

"Inaisha wiki ijayo."

"Na mkimaliza sawa pointi, mnapiga penalti?"

Namweleza kwamba siku hizi hakuna tena ile mechi ya kuamua, kama ya 1995. Wanaangalia mlivyokutana wenyewe. Msimu huu sisi na Houston tumekutana mara kumi, tano tano. Atakayechukua mbili kati ya hizi tatu anakuwa na karata hiyo mkononi pia. Na bingwa wa divisheni akiwa miongoni mwa mabingwa wawili bora wa Ligi ya Amerika anaruka raundi ya kwanza, warushaji wake wanapumzika.

"Sasa unaogopa nini? Mko sawa nao."

Kaka ni mtu wa Bandari FC, anajua mateso, lakini hawajui Astros. Tangu 2017 wamechukua divisheni hii kila mwaka isipokuwa 2020. Mwaka 2022 ndipo tuliporudi kwenye mtoano baada ya miaka 21. Ni huyuhuyu Raleigh aliyetuvusha, usiku wa Septemba 30, ubao ukisoma moja moja, zamu ya tisa ya kupiga, kwa kawaida ya mwisho, alitolewa benchi akapiga mpira mmoja ukavuka ukuta. Nilikuwa shifti ya usiku, Mzee alilia mbele yangu bila kujificha. Wiki mbili baadaye Houston wakatutoa mechi tatu kwa sifuri. Ya tatu ilichezwa hapa kwetu. Besiboli haina sare, kwa hiyo baada ya zamu tisa wakaendelea, kumi, kumi na mbili, kumi na tano. Wakafika zamu ya kumi na nane. Saa sita na dakika 22 za mchezo, halafu mpira mmoja wa Jeremy Peña, 1-0, basi.

"Lahaula," anasema kaka.

Ndiyo maana naogopa.

Saa kumi na moja na dakika kumi jioni

Redio mezani, Seattle Sports 710. Mzee kwenye kiti chake cha kuegemea, blanketi magotini, na daftari.

Daftari hili nilieleze. Ni la kuandikia mchezo. Kila mpigaji ana mstari wake, kila zamu ina kisanduku, na kila mchezaji uwanjani ana namba: mrushaji 1, mdakaji 2, na kuendelea hadi 9. Mpira ukienda kwa wa sita naye akaurusha kwa wa tatu, unaandika 6-3. Mpigaji akikosa mara tatu unaandika K. Akiduwaa tu bila kupunga gongo, K unaigeuza, mgongo mbele. Mzee ana madaftari haya sanduku zima. Kuanzia mwaka jana mwandishi ni mimi, yeye anaamuru.

Anayerusha leo ni Bryan Woo. Woo ndiye anayenipa usingizi. Msimu huu karibu kila mara anafika zamu ya sita bila kelele, hagawi nafasi za bure, anarusha tu na kuendelea.

Naandika, natoka kumlisha bibi wa chumba cha pili, narudi, Mzee ananisomea alivyokumbuka, najaza. Chumba cha nne wanataka choo. Narudi. Houston sifuri. Narudi tena. Bado sifuri. Mzee anagonga penseli kwenye mkono wa kiti taratibu, na mimi nahisi kitu kinapanda kifuani, kile kitu ninachokizuia tangu alfajiri. Sijalitamka neno "tutashinda". Husema inshallah, naishia hapo.

Zamu tano, sifuri.

Ya sita inaanza na mtangazaji anataja jina la mrushaji mwingine.

Mzee anaacha kugonga. "Kwa nini?" ananiuliza, kama vile mimi niko Houston. Naongeza sauti ya redio. Woo katoka. Hakuwa anapigwa, hakuwa amechoka. Mtu hatolewi hivyo bila sababu.

"Mkono?" Mzee anasema.

Simjibu. Namvutia blanketi lililoteleza.

Saa moja jioni

Makabidhiano. Mwenzangu wa usiku kafika, tunahesabu vidonge pamoja, tunatia sahihi. Naomba dakika chache niswali magharibi kwenye chumba cha wafanyakazi. Nikiwa kwenye mkeka nasikia redio kwa mbali kupitia ukuta, najitahidi nisiisikilize.

Nikitoka, Mzee ameshika penseli mwenyewe. Daftari liko mapajani. "Nenda kwa mwanao," ananiambia. "Nitaandika."

Kwenye gari nafungua redio hata kabla ya mkanda. Houston bado hawana kitu. Nashika barabara ya Kent-Des Moines polepole, Ijumaa jioni, taa nyekundu hadi upeo wa macho. Kila mrushaji wa akiba anayeingia namtajia dua yake. Kufika chini ya fleti yetu Kent nimezima injini na sikushuka. Nimetafuta karatasi, nimepata risiti ya duka ya jana, nimeigeuza nyuma, nimechora visanduku, nikaanza kuandika kwa kalamu ya kope kwa sababu nyingine sikuiona.

Tumeshinda 4-0. Baada ya siku nyingi za kusukumana, kileleni sasa tuko peke yetu.

Halafu wakaeleza ya Woo. Misuli ya kifua, upande wa kulia, imekaza. Upande anaorushia. Nikajikuta nashika kifua changu mwenyewe. Misuli ya kifua najua inavyopona, taratibu, na haijali kalenda ya mtu. Zimebaki mechi nane, halafu Oktoba, na tukifika Oktoba bila Woo nani atarusha mechi ya kwanza?

Furaha yangu ilidumu kama dakika nne. Haikuondoka, ila ilikaa chini ikampisha mgeni.

Saa tatu usiku

Binti amelala. Simu imelia: mwenzangu wa usiku kanitumia picha ya daftari. Mistari ya Mzee imepinda, namba zinatoka nje ya visanduku, kuna K moja ambayo sijui kama ameigeuza makusudi au ni mkono. Lakini zamu ya sita ipo yote. Ni ile niliyoikosa nikiwa kwenye mkeka. Baada ya hapo visanduku vya zamu ya saba vimejaa nusu, ya nane na ya tisa vitupu. Amesinzia, mwenzangu anasema, redio ikiwa bado inasema, na hajui matokeo.

Nimemwandikia asimwambie, akiamka nimwambie mimi. Za nane na tisa ninazo kwenye risiti. Nimeikunja mara mbili nikaitia mfuko wa juu wa sare ya kesho.